Kigogo cha Buteba

Redio ikitaja vigogo wa serikali, bibi Asekenye hucheka peke yake, maana amemkumbuka mumewe, Okware. Zamani zile za Wazungu, Buteba ilijua kigogo kimoja tu: kipande cha mti kilicholazwa juu ya mto.

Okware ndiye aliyekilaza, mwaka ule mto ulipomchukua binti yao Agwang akivuka kwenda kwa shangazi yake. Tangu hapo, kila Jumapili ya masika alisimama majini na shati lake jeupe la kanisani, akiwashika watu mkono na kuwavusha mmoja mmoja juu ya kigogo.

Ndipo akaja karani wa kutoka pwani, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Akamkuta jirani yao Nasirumbi akianika nafaka yake ya wimbi.

"Mama, kigogo wa hapa yuko wapi?"

"Kigogo? Iko kwa mto."

"Yuko, mama. Yuko," karani akamsahihisha, akashika njia.

Mtoni akakuta watu wamepanga foleni, wake kwa waume, kila mmoja akimpa Okware mkono. Nani angebisha? Karani akavua kofia.

"Mzee, Jumatano ufike Tororo. Mkubwa wa wilaya ameita vigogo wote waseme daraja liwekwe wapi."

Katika maneno yote hayo Okware alisikia moja tu, daraja.

"Nakwenda," akasema.

Asekenye alimsihi asiende. "Baba Agwang, wakijua wewe si mkubwa, watakufunga."

"Wanifunge. Hii kigogo haimalizi mvua ingine. Mtoto wa nani tena aende na maji?"

Basi akaenda, akaketi kwenye kiti cha mikono, miguu peku, katikati ya wakubwa wenye viatu. Chifu Osire, mtu wa tumbo na fimbo, akamkazia macho.

"Na wewe ni kigogo wa wapi?"

"Kigogo ya Buteba, bwana mkubwa. Imeoza."

Baraza zima likaangua kicheko. Okware hakucheka. Aliwangoja wamalize, kisha akawaeleza habari za Agwang: miaka yake, gauni alilokuwa amevaa, mahali walipomwokotea. Kicheko kikawakauka mdomoni. Yule Mzungu mkubwa wa wilaya akatia alama kwenye ramani yake, na hakuna aliyeuliza tena Okware ni nani.

Kabla ya masika ya pili daraja lilikuwa limesimama. Kigogo kikawa kuni za Asekenye. Jumapili Okware alivaa shati lake jeupe, akaenda kusimama palepale kwa mazoea, watu wakipita juu na baiskeli zao wakimsalimu kwa mbali. Mkono hakupewa na mtu. Asekenye alimwona, roho ikamuuma, akamfuata.

"Mzee, umejipokonya ukubwa wako mwenyewe."

Okware alikuwa akimtazama msichana mdogo anayevuka peke yake, mtungi kichwani, bila hata kutazama chini.

"Agwang angepita," akasema.