Sisi kwa Kizulu

Kwa Kizulu, "sisi" ni dada. Nilipohamia Durban neno hilo lilinisumbua wiki za mwanzo. Dereva wa taxi ananiambia, "Sisi, funga mlango," nami nageuka kutafuta hao wenzangu ni akina nani, kumbe naambiwa mimi peke yangu. Nilicheka sana. Baadaye nikalifanya somo, maana mimi ni mwalimu na mwalimu haachi kitu kipite bure.

Nafundisha historia katika sekondari moja upande wa Umbilo. Mimi ni Mkenya. Jumamosi nina darasa lingine lisilo na mshahara, kwenye ukumbi wa kanisa, la watoto wa Warundi na Wakongo wanaoongea Kizulu shuleni na Kiswahili nyumbani. Nililianzisha kwa hasira. Mtoto mmoja alikuwa ameulizwa na wenzake kwa nini anajitia kujibu maswali ya ukombozi wa nchi isiyo yake, naye akaamua kunyamaza darasani muhula mzima. Nikasema hapana, ujinga huo sitauvumilia. Nikawakusanya na kuanza kuwafundisha historia ya watu weusi kama habari ya ukoo mmoja. Niliwaambia mipaka ilichorwa na watu ambao hawakutuuliza, na kwamba wapigania uhuru wa huku walilala kwenye nyumba zetu huko kaskazini, wakala chakula chetu. Nikawaeleza pasi, ile karatasi mtu mweusi aliyolazimishwa kuibeba ndipo aruhusiwe kutembea katika mji aliojenga kwa mikono yake, na jinsi akina mama walivyofika mahali wakasema basi. Kila nikimaliza sentensi mbili natia "sisi". Sisi tuliteswa. Sisi tulipokeana. Siku moja niliandika neno lenyewe ubaoni kwa herufi kubwa, nikawaambia kwa Kizulu ni dada, kwa Kiswahili ni mimi na wewe, na ukitazama vizuri maana ni ileile. Watoto walipenda. Mimi nilijipenda zaidi.

Ukumbi ulikuwa ukifunguliwa na mama mmoja Mrundi. Siku za kazi anauza nyanya na vitunguu pale soko la Warwick. Jumamosi anafagia kabla hatujafika, kisha anakaa kiti cha nyuma kabisa na kusikiliza, kwa sababu shule yake yeye ilikatwa na vita. Binti yake ndiye mwanafunzi wangu mkali kuliko wote, wa kubishana na mimi mpaka nikae chini. Mama mtu Kizulu chake ni cha sokoni tu, bei na asante. Ana presha, ile ya kuumwa kichwa mpaka macho yanaona ukungu, na dawa zake huchukua kliniki ya serikali kila mwezi.

Mwaka huu watu wakaanza kusimama kwenye lango la kliniki ile. Si polisi, wala si wafanyakazi wa pale. Ni watu wa mtaani waliovaa fulana za rangi moja, wanadai kitambulisho cha nchi, na asiye nacho anarudishwa nyumbani na ugonjwa wake. Mama yule alirudishwa mara moja, akaona aibu kujaribu tena, na dawa zikaisha. Jumamosi moja nikamkuta anafagia huku ameshika ukuta. Nikamwambia mbele ya darasa zima, "Jumatatu nitaomba ruhusa shuleni. Nitakwenda na wewe mimi mwenyewe. Tuone nani atatufungia lango." Mimi nina mdomo, wanaonijua wanajua.

Jumatatu tukaenda. Njiani nilikuwa namtia moyo, nikimwambia nitawapa hao watu somo la historia ambalo hawatalisahau. Aki, nilikuwa nimelipanga kichwani. Tulipofika foleni ilikuwa ndefu, na kwenye lango alisimama mama wa makamo mwenye kofia ya sufu, na kando yake vijana wawili walioinua simu, wanapiga video. Wiki chache kabla sisi walimu wageni tulikuwa tumetumiwa video ya mwalimu mgeni akizomewa nje ya shule yake kwamba amekula kazi ya mwenyeji. Kibali changu kimefungwa kwenye ajira yangu. Kazi ikienda, na mimi naenda.

Nilikuwa mbele, mama Mrundi nyuma yangu. Nikamsalimia yule mama wa kofia kwa Kizulu, kile Kizulu changu ninachojivunia, na beji ya shule ikining'inia shingoni. Akanijibu kwa heshima, wala hakuniuliza kitu. "Pita," akasema. Nikapita. Nyuma yangu nikasikia mkono ukigonga chuma cha lango, na mama Mrundi akiulizwa kitambulisho. Hakuelewa yote, ila alielewa amezuiwa.

"Sisi," akasema, akinionyesha kwa kidole. "Sisi iko pamoja. Mwalimu, waambie. Sisi!"

Mama wa kofia akanigeukia. Simu pia zikanigeukia.

"Huyu anakuita sisi," akasema kwa Kizulu. "Unamjua?"

Mama Mrundi hakuwa ananiita dada. Alikuwa anasema yeye na mimi. Katika watu wote waliokuwa pale langoni, mimi peke yangu ndiye niliyejua tofauti hiyo, na nikaitumia. Nilicheka. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, kwamba nilicheka, tena kicheko cha kawaida kabisa, nikasema kwa Kizulu, "Mama, hapa Durban si kila mtu anaitwa sisi?" Wakacheka na wao. Wale vijana wakashusha simu. Nikajitia hamnazo, nikaingia ndani.

Nikisema niliogopa, ni kweli, lakini si kweli yote. Ilikuwa tamu kupitishwa. Miaka yote hii naulizwa natoka wapi, na kwa dakika ile moja nilihesabiwa mtu wa hapa, mimi na beji yangu, na sikutaka utamu ule uishe. Nikakaa kwenye benchi ya wagonjwa bila ugonjwa wowote. Simu yangu ikalia, jina la mama Mrundi likatokea, nikaiacha mpaka ikanyamaza. Nilipotoka hakuwepo tena.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilikuwa nimepanga kurudia somo la pasi Jumamosi iliyofuata, na kila nikifungua kitabu najiona langoni, lakini nikiwa upande wa wanaouliza. Wacha tu. Nilifikiria kusingizia mafua. Mwishowe nikajikaza, nikaenda, nikiomba Mungu mama yule anitukane mbele za watu ili yaishe.

Nikakuta ukumbi umefagiliwa kama kawaida. Uso wake ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho. Watoto wengine walikuwa hawajafika, ila binti yake alikuwa akipanga viti.

"Mama," nikaanza, "Jumatatu ile nilikusikia. Nilikuelewa."

"Najua, mwalimu."

"Nilifanya vibaya. Nilikukana."

"Acha maneno hayo." Alisema kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko tusi. "Miye nimefikiri sana. Wewe uliona mbele. Ungesema unanijua tungerudishwa sote wawili, na wewe wangekutia kwenye video. Kosa ni langu, nilikuita kwa nguvu. Umenifundisha."

Nikamwambia sikumfundisha kitu. Akatikisa kichwa, akamwita binti yake.

"Huyu Kizulu chake kinapita chako," akasema, na hapo alitabasamu. "Halafu mtoto wa sare hawamuulizi kitambulisho. Jumatatu ataingia yeye na kadi yangu ya kliniki, miye nasimama ng'ambo, pale kwa robot, kwenye taa za magari, nikiwa nje ya macho yao. Manesi ndani hawana shida. Shida iko kwa mtoto. Jana tumejaribu nyumbani, nikamwambia jifanye hunijui, akaniangalia, akasema mama. Wewe ni mwalimu. Umfanyishe mazoezi."

Nilifungua mdomo nimwambie hapana, Jumatatu nitakwenda tena mimi, na safari hii nitamshika mkono. Lakini ahadi ya namna hiyo nilikwisha kumpa, mbele ya mashahidi, na sasa alikuwa amesimama mbele yangu bila dawa. Sikuwa na neno lililobaki ambalo angeweza kulitegemea. Nilichobaki nacho ni ualimu.

Basi nikasimama kwenye mlango wa ukumbi, nikanyoosha mkono kuzuia njia. Mama akaenda kukaa kwenye kiti chake cha nyuma. Binti akaja, begi mgongoni. Nikamuuliza kwa Kizulu, yule mama kule nyuma ni nani wako? Mtoto huyu aliyezoea kubishana na mimi juu ya kila kitu, akaangalia viatu vyake. Nikamuuliza tena.

"Angimazi," akasema kwa sauti ndogo. Simjui.

"Usiangalie chini," nikamwambia. "Ukiangalia chini watajua. Cheka kidogo."

Akarudi mpaka kwenye viti, akaja upya. Nikauliza. Akacheka kidogo, akanitazama machoni, akasema vizuri kabisa, bila kutetemeka, na kule nyuma mama yake akampigia makofi.