Mahindi Niliyoshindwa Kubeba

Nilinuna miezi mingi serikali ilipojenga bwawa la kuzuia mafuriko juu kidogo ya shamba letu, upande wa Kiplombe. Lilimeza kipande ambacho marehemu baba alikipenda kuliko vyote. Mama ndiye aliyekubali kukitoa. Nami, mwalimu mzima mwenye ndevu, nikawa nakunywa chai nikiwa nimempa mgongo.

Kwetu mahindi hukatwa pamoja na mabua, yakasimamishwa shambani kwa mafungu hadi yakauke. Zamani kijito kilipofurika, mafungu yalikwenda na maji, tukala kwa huruma ya majirani. Kwa hiyo wingu likitanda tu, baba aliyabeba hadi kiinukoni, fungu baada ya fungu. Miaka yake ya mwisho alitembea ameinama.

Msimu wa kwanza wa bwawa, mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Nikavaa gambuti nikaanza kubeba. Mama alisimama mlangoni na kikombe chake cha mursik, maziwa yetu ya mgando.

"Wacha hiyo mahindi. Si dam iko?"

"Mama, mimi hiyo ukuta siiamini."

"Basi beba. Mgongo ni yako."

Nilibeba hadi jioni, mgongo ukagoma nusu ya mahindi ikiwa bado bondeni. Hiyo nusu niliihesabu imekwenda.

Asubuhi kijito kilikuwa kinapita kwa adabu, na mafungu ya bondeni yamelowa juu juu tu. Nikakimbilia kiinukoni. Maji matupu! Kwa kiherehere changu nilikuwa nimefuata njia ya baba, nikasahau kwamba siku hizi kiinuko, kwenye kile kipande alichokitoa mama, kiko ndani ya ukuta, mahali panapokuwa pakavu hadi mvua kubwa inyeshe. Maji yote ambayo yangetushukia yalikuwa yamezuiliwa pale, na mahindi yangu yakielea juu yake.

Mama alinifuata na fimbo yake. Nilisubiri matusi.

"Kumbe umepelekea samaki ugali," akasema, akacheka hadi akashika mbavu.

Nilicheka pia, kisha nikamwomba msamaha, matope yakiwa magotini. Aliutazama ukuta.

"Baba yako alibeba mpaka mgongo ikaisha. Hiyo shamba nilipeana ndio wewe usibebe."

Mwaka huo tulikula ile nusu niliyoshindwa kubeba. Ilitutosha. Chai siku hizi nakunywa nikimtazama usoni.