Gel juu ya gants

Yaya yangu, dada yangu mukubwa, alizalaka mutoto mbele ya wakati, mudogo kama mukate. Walimufunga pa kifua ya mama yake na kikwembe, ngozi kwa ngozi, na mimi nikabakia garde-malade: kupika, kufua na kuchekesha. Hiyo ya tatu njo najua muzuri.

Mu ile salle ya hospitali kila muganga alikuwa na namna yake ya kusafisha mikono. Docteur, gel ya alcool: anapaka, anasugua, anapuliza vidole kama mutu ameshika muhogo ya moto. Infirmière, nesi wa asubuhi, sabuni: akianza kunawa unaweza kwenda soko na kurudi, lakini robinet ya maji ikikauka, naye anakauka. Sage-femme, ule mukunga, maji ya chlore: mbele aingie, pua yako imeisha kumusalimia. Nilikuwa nawaigiza mumoja mumoja, Yaya anacheka huku ameshika tumbo.

"Na wewe unasafishaka na nini?" Yaya akaniuliza.

"Mimi? Najipangusa ku robe yangu hii."

Pembeni yetu kulikuwa mama mumoja mwenye kutoka Nyangezi, naye na mutoto wake pa kifua. Alikuwa anacheka kushinda Yaya. Kisha mutoto wake akashikwa na homa, na asubuhi moja hakuamuka. Ule mama hakupiga kelele. Alikuwa anafungua kikwembe, anafunga tena, kama vile mutoto angali anasikia baridi.

Infirmière mwingine njo alikuja kubeba ule mutoto, na gants, zile glovu za mupira, mu mikono. Akamulaza pa meza, akamufunika. Kisha akachukua gel, akapaka juu ya zile zile gants, akasugua muzuri kabisa, akageuka kwetu.

"Lete wa kwenu nimupime."

Yaya alikaza kikwembe, akanitazama. Kumuambia muganga anawe, kwetu ni kama kumutukana mbele ya watu. Nikatafuta blague ya kuwachekesha, nikakosa.

"Maman, hizo gants zimetoka kushika mufu."

"Si nimepaka gel? Hauoni?"

"Naona. Na Yaya anaona."

"Kumbe wewe ni docteur?"

"Hapana, maman. Nilimaliza masomo ya sixième primaire tu, na tena kwa kukopiya mwenzangu."

Hakuna mutu alicheka. Akavua gants pole pole. Mikono ilikuwa imepasuka, katikati ya vidole nyama nyekundu.

"Chlore ilinikula," akasema. "Gel nayo inaniunguza kama pilipili. Maji haiko tangu juzi. Munataka nishike watu na nini?"

Nikabeba bidon yetu ya maji, ile ya kupikia, nikamumwangia. Alisugua sabuni huku anauma mudomo. Akaacha mikono ikauke, akafungua kikwembe, akaweka mukono mutupu pa mugongo ya mutoto, akamuwekea na thermomètre. Tukangoya.

"Hana homa."

Yaya akaanza kulia. Njo ule mama wa Nyangezi akainua kichwa. Akauliza, sauti ya chini, bila kasirani:

"Na wangu, mulikuwa munamushika na nini?"

Infirmière alitazama mikono yake. Sijui kama gants za namna ile njo zilileta ile homa. Naye hakujua. Akaenda kukunja mashuka.

Mutoto wetu anakimbia sasa, huku kwetu Kasha, anasumbua kuku ya watu. Lakini mutu akinyosha mikono kumubeba, nasikia ile sauti ya ule mama mbele hajamugusa.