Filamu ya vita vya zamani na mulango wetu wa Kibumba

Ile filamu niliiona jumapili moja kisha misa, kwa jirani yetu mufanyabiashara, mutu wa Butembo, na mpaka leo sijatulia. Nikikaa nasimama. Nikisimama naenda kwenye mulango. Nitaeleza yote, lakini mutanivumilia, juu mimi shule niliishia mwaka wa tatu, na hata kwenye matanga, nikianza kusimulia, watu wanaulizana kwa macho nani atanikatiza.

Tuanze na mulango. Filamu inakuja.

Tulipokimbia kutoka Kibumba, kijiji chetu, mara ya mwisho, muke wangu alibeba sufuria na mbegu ya viazi, akamufunga binti yetu godoro mugongoni. Mimi niling'oa mulango. Ndiyo, mulango wa nyumba. Baba yangu ndiye aliupanda ule muti, mimi nikaukata, nikapasua mbao na mukono wangu. Masasi yanalia kule juu, mimi niko napiga bawaba na nyundo, na muke wangu yuko barabarani ananiita majina ambayo siwezi kuandika hapa. Niliubeba kichwani mpaka Goma, kisha mpaka kambini Mugunga. Watu walicheka sana. Kibanda chetu kilikuwa cha shitingi, ile plastiki ambayo mutoto anaipasua na kidole, lakini mbele kulikuwa mulango wa mbao na kitasa chake. Majirani walikuwa wanakuja kubisha hodi kwa mchezo tu. Hawakucheka siku binti yetu aliposhikwa na homa, tukamulaza juu ya mulango kwa sababu chini kulikuwa mawe matupu. Alipona. Sasa ameolewa upande wa Sake, na hataki mutu amukumbushe ile hadithi.

Leo tunapanga nyumba ya mbao mujini, juu ya mawe meusi ya volkano, na fremu ya hii nyumba ni ndogo. Mulango wetu ulikuwa unaizidi vidole vinne. Haukuingia. Kwa hiyo miaka yote tulikuwa tunauegemeza tu, na jiwe chini, na upepo ulikuwa unaingiza vumbi mpaka kwenye ugali. Muke wangu alikuwa ananiambia: “Kata, muzee.” Na mimi: “Nikikata, kule kwetu utapwaya.” Ndiyo maneno yetu ya kila kiangazi.

Sasa mwaka huu watu walianza kupanda barabara ya Rutshuru kwenda kuangalia mashamba yao. Usingizi ukanitoroka. Nikamuuliza muke wangu, tena kwa heshima: “Mama, turudi kwetu?” Akaendelea kuchambua maharagi. Akasema: “Nitakujibu jumapili.” Mambo makubwa anayajibu jumapili, kwa sababu siku hiyo anaogopa kusema uongo.

Jumapili ilipofika, nilikaa kwenye misa sawa vile mutu amekalia siafu. Tulipotoka nikamutazama. Akasema: “Kwanza twende kwa jirani, ametuita kuona filamu.” Sikutaka filamu. Nilitaka jibu. Lakini nilienda.

Kwa jirani kuna televizyo kubwa na mashine ya jua inayoichaji. Tulikuwa wengi, lakini waliosema sana ni watatu: jirani mwenyewe, muke wangu, na karani mumoja wa Bukavu anayefanya kazi za ofisi. Yeye alisoma, na anapenda ijulikane. Filamu ilikuwa ya Kifaransa, vita vya zamani vya mikuki na ngao, mbele ya Bwana Yesu kuzaliwa, ndivyo karani alituambia. Kapiteni mumoja anaitwa na mufalme kwenda vitani, anaacha muke na nyumba ya mawe karibu na muto. Adui wanakuja nyuma yake, watu wa muji wanakimbia. Yeye anapigana miaka kumi, kisha anarudi.

Karani alianza mapema: “Uongo! Zamani zile farasi hawakuwa na vyuma vya kuweka miguu. Mimi nilisoma histoire, historia ya dunia.”

Jirani akamujibu: “Achana na farasi, bwana karani. Mimi nauliza hawa askari elfu na elfu wanakula nini? Tangu asubuhi sijaona gunia hata moja. Nani anawaletea unga?”

“Wanapika mbali, hawaonyeshi.”

“Kwa moshi gani? Huyu kapiteni ni muongo. Jeshi bila gunia ni picha ya ukutani.”

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kidogo, huku naangalia muke wangu kama jibu litatokea usoni. Ikafika sehemu ya watu wa muji kukimbia. Wanawake wanakimbia na nywele wazi, wanalia, mikono juu. Hapo muke wangu akasimama.

“Hawa hawajawahi kukimbia,” akasema. “Angalieni. Hakuna bidoni ya maji. Hakuna sufuria. Hakuna godoro hata moja. Watakunywa na nini jioni? Na ule mama anapiga kelele ya nini? Mutu anayekimbia hapigi kelele, anahesabu watoto.”

“Na mulango, mama?” jirani akauliza, na kila mutu akanigeukia. “Kwenye filamu nzima hakuna mwenye amebeba mulango!”

“Wa kwangu peke yake,” akasema, akakaa. Nyumba yote ilicheka mpaka karani akapoteza alichotaka kutusahihisha.

Mwisho ndio ulionivunja. Kapiteni anarudi, ndevu nyeupe. Nyumba iko. Mulango uko. Anausukuma na vidole viwili, unafunguka bila kelele. Ndani meza imewekwa, inang'aa, na muke wake amesimama dirishani, hajazeeka hata mukunjo mumoja. Mimi machozi yalinitoka, nasema ukweli. Nilimushika muke wangu mukono. Yeye alikuwa anatikisa kichwa.

“Miaka kumi,” akasema. “Nani alipanguza ile meza?”

“Muke wake!” nikasema.

“Muke wake yuko dirishani. Hatoki pale. Mimi nauliza meza.”

Jirani akazima televizyo. “Mama anasema ukweli. Mimi nina depo ya bidhaa Butembo. Nikikuta sakafu imefagiliwa na mimi sikuwa pale, najua kuna mutu ndani.”

Karani akasema hiyo ni sanaa, tusiipime na depo. Wakabishana mpaka chai ikaisha. Mimi sikusikia tena.

Njiani nikamushika muke wangu: “Jumapili inaisha, mama.”

Akasimama katikati ya mawe na viatu vya kanisani mukononi. “Yule kapiteni alirudi bila kumuuliza mutu,” akasema. “Wewe umeniuliza. Basi mimi nakutuma. Nenda uone na macho yako.” Tulipofika nyumbani akachukua uzi, akaunyoosha juu ya mulango, akafunga fundo huku na fundo kule. “Pima fremu. Kama imebaki hivi, tutarudi wote.”

Kesho yake asubuhi nilipanda moto, pikipiki ya kukodi. Dereva aliendesha mbio, na mimi bado nilikuwa namusukuma mabega. Ukungu wa Kibumba ulinipokea na ile baridi yake, na shu, zile kabichi zetu, mashambani, kijani, kubwa, mutu anaweza kukalia moja. Nikashuka mbali kidogo ili nifike na miguu yangu.

Nyumba iko. Kwanza niliona hiyo, na moyo ukaruka. Kisha niliona kiwanja. Kilikuwa kimefagiliwa, mistari ya ufagio inaonekana vizuri kwenye udongo, hakuna jani.

Kwenye fremu yangu kulikuwa mulango wa bati, umefungwa na waya. Ukafunguka. Mama mumoja akatoka, na watoto watatu nyuma ya kitenge chake.

“Muzee, karibu. Unatafuta nani?”

Maneno niliyoyabeba tangu Goma yalikuwa mengi. Nikasema: “Naomba maji ya kunywa.”

Akanipa kiti, akakipanguza kwanza. Akaleta maji kwenye kikombe. Akanieleza bila kuulizwa kwamba ametoka juu zaidi, upande wa Rutshuru, kwao kumeungua, na hapa alipakuta wazi. “Nyumba ni nzuri,” akasema, “lakini wenyewe waliondoka na mulango! Muzee, wewe uliona wapi? Mutu gani anakimbia na mulango?”

“Mujinga mumoja,” nikasema.

Akacheka sana. Nikacheka na mimi.

“Na wewe kwenu ni wapi?”

Nilikunywa maji yote kwanza. Nikasema: “Goma.”

Nilipomurudishia kikombe nilijishikiza kwenye fremu, sawa vile muzee anavyopumzika, nikanyoosha uzi nyuma ya mugongo wangu. Fundo kwa fundo. Haikupungua, haikuongezeka.

Muke wangu alinikuta nimekaa juu ya jiwe letu la mulango. “Fremu?”

“Iko. Kipimo ni kile kile.”

Akauchukua uzi mukononi mwangu.

“Na meza imepanguzwa,” nikasema.

Hakuuliza tena juu ya fremu. Akakaa karibu yangu. Akauliza: “Anafagia vizuri?”

“Kuliko sisi.”

“Ana watoto?”

“Nimeona watatu.”

“Ungemutoa?” akauliza. “Parseli ni yako, kiwanja na nyumba, majirani wa zamani wanakujua. Ungeweza.”

“Ningeweza.”

“Na umesemaje?”

“Nimesema kwetu ni Goma.”

Akasimama, akaenda kuwasha moto wa chakula. Nilitaka akasirike, ingekuwa rahisi zaidi. Kesho yake niliazima musumeno, nikalaza mulango juu ya mawe, nikaanza kukata peke yangu, haraka, na hasira. Nikasikia nyuma: “Umemuuliza nani?”

Nikasimama na musumeno.

“Kapiteni!” akasema. “Si upande wa kitasa. Kata upande wa bawaba.” Akapiga magoti, akashika mbao na mikono miwili ili isitetemeke. Tulikata vidole vinne, pole pole, yeye anashika, mimi navuta. Ile mbao nyembamba iliyobaki hakuitia kwenye moto. Aliiweka juu ya kabati, na uzi umezungushwa.

Sasa mulango unafunga. Vumbi haliingii tena. Na mimi siwezi kukaa nyuma yake. Naufungua, naangalia nani anapita, naufunga. Muke wangu ananiambia: “Muzee, chagua.” Dakika kumi, nimesimama tena.

Jirani ameirudisha ile filamu mara mbili, watu bado wanabishana juu ya farasi na magunia, na karani bado hajashindwa. Mimi naenda, nacheka nao. Lakini kapiteni akianza kuukaribia muto na zile ndevu nyeupe, natoka. “Papa!” jirani ananiita. “Unaacha sehemu nzuri!” Namuambia naenda kufunga nyumbani.