Kuupa Mpira Mgongo

Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, hakuwa na ugomvi na mpira, ila aliuona kama mke mwenza aliyeingia nyumbani bila mahari kisha akapewa chumba chenye dirisha. Mumewe, Baba Mkubwa, ni fundi redio. Mtaa mzima humwita Kipa, kwa sababu ujanani aliwahi kudakia timu ya kiwanda cha nguo, na mpaka leo ana kidole kilichopinda ambacho huwaonyesha wageni kama wengine wanavyoonyesha picha za harusi. Siku za mechi kibanda chake hujaa wanaume waliobanana kama njiti za kiberiti, wakisikiliza redio ya mteja. Mwenyewe akija kuiulizia, Baba Mkubwa humwambia kwa uso wa daktari, "Bado iko kwenye uangalizi." Uangalizi huo huweza kudumu mpaka ligi iishe.

Mama Mkubwa yeye ni mpishi wa shule ya bweni. Ni mama mwenye mwili, na sauti yake inaushinda mwili. Akisema "Mstari!" mlangoni mwa bwalo, hata walimu hujikuta wamejipanga. Mimi wamenilea tangu nianze sekondari, na ingawa sasa ni msusi mwenye kiti changu saluni, bado naishi nao. Kwa hiyo mengi ya haya sikuhadithiwa. Niliyaona.

Ilipotangazwa kwamba nchi yetu na nchi jirani zitaandaa pamoja yale mashindano makubwa, kibandani hapakukalika. Wengine walishangilia, wengine walinuna kwa kuwa ufunguzi ungekuwa kwetu na fainali kwa jirani.

"Kwa nini fainali iende kwao?" muuza vipuri aliuliza, kana kwamba Baba Mkubwa ndiye aliyegawa.

"Aliyepewa mlango na aliyepewa dirisha, wote wamo ndani ya nyumba," Baba Mkubwa akajibu. "Wewe ulitaka ubaki nje?"

Uwanja wa zamani ulivuliwa paa, ukazungushiwa mabati. Barabara ya kwenda huko ilichimbuliwa, vumbi likaingia mpaka kwenye kabati za vyombo. Mama Mkubwa alikuwa akifuta vikombe na kusema, "Wageni hawajafika, sisi tumeshakuwa rangi moja na barabara." Baba Mkubwa hakusikia. Alikuwa amesikia jambo jingine redioni: walitafutwa watu wa kujitolea kusimamia mashabiki majukwaani. Usiku huo hakulala vizuri, na asubuhi alipiga pasi shati mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika nyumba ile.

"Mke wangu, nisindikize," alisema. "Mimi nikiulizwa maswali na watu wa ofisini huwa nasahau hata jina la baba."

Wakaenda. Kwenye ukumbi wa manispaa msichana aliyekuwa akiwapokea watu alimpa Mama Mkubwa kiti, kisha akamuuliza, "Na wewe mama, unaomba pia?"

"Mimi nimemleta mgonjwa tu."

Msichana akacheka. "Haya, hebu jibu hata kwa kunifurahisha. Watu wengi wanataka kupita mlango mmoja kwa wakati mmoja, na kila mmoja ana haraka. Ungefanyaje?"

"Hiyo si ndiyo kazi yangu ya kila mchana?" Mama Mkubwa akasema, akamweleza kuhusu wanafunzi wenye njaa, sahani za bati na sufuria la moto lililoko mbele yao. Alipomaliza, alikuwa amezungukwa na watu watatu wa ofisi wakimsikiliza. Wote wawili walichukuliwa mafunzoni.

Mkufunzi alitoka nchi jirani. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na kwa vile jina lake lilituwia gumu kulitamka, tulimwita Jirani, naye akalipenda. Somo lake la kwanza lilikuwa fupi. Msimamizi anasimama uso kwa mashabiki, mgongo kwa uwanja, tangu kipenga cha kwanza mpaka cha mwisho.

Baba Mkubwa akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu. Hata ikiwa penalti?"

"Hata penalti, mzee."

"Na tukiwa tunapiga sisi?"

"Hiyo ndiyo hasa usiitazame. Hapo ndipo watu husahau walipokanyaga."

Watu wakacheka, Baba Mkubwa hakucheka. Alivaa kizibao chake cha manjano kama mtu anayevaa sanda.

Walipofanya mazoezi kwa mechi ya timu za vijana, Mama Mkubwa alisimama wima, macho juu, mikono nyuma. Kwake haikuwa shida. Hakuwa na haja ya kujua nani ana mpira. Mumewe aliyekuwa ngazi ya pili alivumilia kwa muda wa kutosha kumpa mtu matumaini. Kisha mashabiki wakasema "Aaaa!" na shingo yake ikageuka yenyewe kama alizeti. Jirani akamkumbusha. Ikageuka tena. Mara ya mwisho aligeuka mwili mzima, akamkemea beki kwa sauti, "Mkabe huyo, unamtazama kama mposa!"

Jirani alimjia polepole, akamvua kile kizibao kwa heshima, kama anavyovuliwa mtoto nguo iliyolowa.

"Mzee wangu," akamwambia, "wewe ni shabiki, na mashindano bila shabiki ni mazoezi. Pita upande ule wa kamba, ukae ufurahi."

Hakufurahi. Nyumbani hakugusa chakula. Alikaa mezani akifungua redio ambayo haikuwa na ubaya wowote, akaifunga, akaifungua tena. Mama Mkubwa alimtazama mpaka akachoka.

"Kesho nakirudisha kizibao," akasema. "Mpira ni wako. Mimi nilikuja kukushika mkono tu."

Baba Mkubwa alizungusha bisibisi kitambo. "Usikirudishe. Ukikirudisha, nyumba hii itakuwa imefungwa mabao mawili." Kisha akaongeza, "Ila mambo ya huko usinihadithie."

Mama Mkubwa akashika neno hilo, hakuhadithia. Matokeo yake mimi nikawa posta. Nikitoka saluni, Baba Mkubwa ananisubiri kibandani. "Mama yako mkubwa leo amefundishwa nini?" Naenda jikoni, namuuliza Mama Mkubwa, narudi na jibu, naye anasema, "Mimi sikutaka kujua, nilikuuliza wewe tu." Siku zilikwenda hivyo. Walikuwa wakipeana chumvi mezani bila kutazamana, na mimi katikati nikila haraka ili niondoke.

Uwanja ulipokaribia kukamilika, ikapangwa mechi ya majaribio. Kombaini ya kwetu ingecheza na ya jirani, milango ingefunguliwa, ili ionekane kipi kinafanya kazi na kipi bado. Baba Mkubwa alisema hana mpango wa kwenda. Siku yenyewe alikuwa mlangoni ameshavaa viatu, ananiita nisimcheleweshe. Tulipofika alikataa viti viwili vizuri, akatukokota mpaka tukapata nafasi kwenye jukwaa alilosimama mkewe.

"Kumbe ni hapa," akasema, kana kwamba ni bahati.

Mama Mkubwa alikuwa chini yetu, kichwani mwa ngazi zinazoshuka kwenye njia ya kutokea. Alituona, hakutupungia. Alikuwa kazini.

Upande wetu paa lilikuwa halijafunikwa. Kipindi cha pili, matokeo yakiwa bila kwa bila, wingu lililokuwa mbali likatufikia lote kwa pamoja. Haikuwa mvua ya kunyunyiza. Ilikuja kama mtu aliyemwaga ndoo. Watu wa juu wakasimama na kukimbilia ngazi, ili wajifiche kwenye ile njia iliyo chini ya jukwaa. Nasi tukasimama. Kila mtu alisimama.

Tusichojua ni kwamba mlango wa chini ulikuwa na mabawa mawili, na bawa moja lilikuwa bado limefungwa kwa waya wa mafundi. Wa mbele walikwama. Wa nyuma, wakiona tu migongo isiyosogea, wakasukuma. Nilihisi kifua kikibanwa. Mikono yangu ilikuwa chini na sikuweza kuipandisha. Mbele yangu mwanamke mjamzito aliweka viganja tumboni akasema, bila kelele, "Jamani. Jamani." Hofu yangu yote niliisikia katika neno hilo dogo.

Mama Mkubwa hakuwa ameuona mlango, lakini alikuwa anaziona nyuso. Baadaye aliniambia aliziona zikibadilika moja baada ya nyingine kutoka chini kwenda juu, watu wakiacha kucheka, kisha wakiacha kusema. Alisema maneno machache kwenye redio yake ya upepo. Kisha akavuta pumzi.

"Kaeni chini!"

Sauti ya bwalo. Wachache waligeuka, lakini mvua na woga vilikuwa na nguvu zaidi. Akarudia, hakuna aliyekaa. Macho yake yakatembea juu ya vichwa mpaka yakamwona mumewe. Katika maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kumwita kwa jina la kibandani. Siku ile alimwita.

"Kipa! Kaa hapo hapo ulipo!"

Baba Mkubwa akakaa, kwenye zege lililotapakaa maji, akanivuta nikakaa pembeni yake. Halafu akageuka kuwatazama waliokuwa juu yetu, wengi wao wateja wake na wasikilizaji wake wa miaka mingi, akawapigia kelele.

"Kaeni, nyie! Muuza vipuri, kaa! Mvua haijamwua mtu hapa, atakayeyeyuka ni aliyeumbwa kwa sukari!"

Mtu mmoja akacheka. Kicheko kile kilifanya kazi ambayo amri haikuweza. Muuza vipuri akakaa, aliyemfuata akakaa, na safu ile ikashuka, kisha iliyo juu yake. Msukumo ukapungua. Nikaweza kuvuta hewa mpaka tumboni. Chini kule Jirani alikuwa amefika na fundi mwenye koleo, waya ukakatwa, na bawa la pili likafunguka. Mama Mkubwa akaanza kuwashusha watu kwa safu, taratibu, "Wewe, na wewe, na mama huyo kwanza." Baba Mkubwa alisimama akamshika yule mjamzito mkono ili amteremshe.

Ndipo uwanja upande wa pili ukalipuka. Goli! Na kwa jinsi ngoma zilivyopigwa, lilikuwa letu.

Nilimtazama Baba Mkubwa. Mishipa ya shingo ilimsimama. Alikuwa kwenye ngazi, mguu mmoja juu, mwingine chini, na uzito wa mwanamke yule ulikuwa mkononi mwake. Alifumba macho, akafumbua, akasema, "Hapa kuna utelezi, mama, kanyaga pole." Wakateremka mpaka chini.

Hakuna aliyeumia sana. Mmoja alitegua kifundo cha mguu, na viatu vingi vilipoteza wenyewe. Mvua ilipokatika Mama Mkubwa aliviokota vyote, akavipanga juu ya ukuta jozi kwa jozi, na vile visivyo na mwenzake akavitenga. Watu wakawa wanakuja peku kuvichukua, wengine wakimshukuru, wengine wakiona haya. Baba Mkubwa alikaa karibu na viatu vile akiwauliza wapitao, "Lilifungwaje?" Kila mmoja alimsimulia tofauti. Mkewe alipomkaribia, alisogea akampa nafasi ya kukaa.

"Umelowa," Mama Mkubwa akasema.

"Na wewe."

"Goli hukuliona."

"Sikuliona." Akakamua pindo la shati. "Wanasema lilikuwa la kichwa. Sijui. Nisimulie ulichoona wewe."

Naye akamsimulia, tangu wingu mpaka viatu, na yeye akasikiliza kama anavyosikiliza mechi, akiuliza, "Halafu?" Kazi yangu ya posta ikaishia pale.

Wakuu wa uwanja walikuja kesho yake. Milango yote ilikaguliwa, na jukwaa lile likaongezewa ngazi upande wa pili. Jirani alikuja nyumbani na mambo mawili. La kwanza, alimwomba Mama Mkubwa avuke mpaka akasaidie kuwafundisha wasimamizi wa upande wao. La pili lilikuwa la Baba Mkubwa. Walihitaji watu wanaojulikana na mashabiki, wakae nao majukwaani, wasaidie kuongoza nyimbo na kuwatuliza inapobidi.

"Wakiwa wanatazama mpira?" Baba Mkubwa akauliza.

"Wakiwa wanatazama mpira, mzee."

"Itabidi nilifikirie," akasema kwa uzito mkubwa, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshafikiria.

Mama Mkubwa hakuwa amewahi kuvuka mpaka maishani mwake. Alibeba shuka lake mwenyewe, maana alidhani huko hawana. Alirudi amenenepa, akisema mkufunzi yule ana mama mkali mwenye maneno, na kwamba wasimamizi wa kule nao walimwita yeye Jirani, ikawa jina hilo likiitwa wanageuka wawili, yeye na mkufunzi. Alikuwa amewakuta wenzake wengi: dereva wa basi, muuguzi, mwalimu mstaafu, muuza samaki mwenye sauti iliyomtisha hata yeye.

"Watu wao wanasukumana kama wetu tu," akaniambia akifungua begi. "Sijui kwa nini nilitegemea wawe tofauti."

Walikubaliana kwamba ufunguzi ukifika, Jirani na mama yake watafikia kwetu, na fainali ikifika sisi tutafikia kwao. Ndiyo maana wiki hii nyumba yetu inanuka rangi. Chumba cha mbele watakamolala kimetolewa vyombo, madirisha yako wazi, na Jirani, aliyekuja kwa kazi zake uwanjani, amepita kuona. Yeye na Baba Mkubwa wako pale mlangoni, wamemaliza kubishana mlinzi wa kati wa nani ni bora, sasa wamehamia kwa makipa. Baba Mkubwa amekwishatoa kidole.

"Mtabishana vizuri zaidi mkiwa mmeshika kitu," Mama Mkubwa amesema kutoka ndani. "Njooni huku, mmoja kichwani mwa kitanda, mmoja miguuni. Nyanyueni, msikwaruze ukuta wangu."