Kofia ya Babu Iko Jeshini

Babu yangu alikuwa na ngiri na kijiji kizima kinajua, ila yeye mwenyewe anajifanya ni mzigo wa mtu kaombwa amshikie. Baridi ya huku kwetu Ufipa ikamsaidia. Anavaa koti zito na kofia ya manyoya mwaka mzima, mkono wa kulia ndani ya mfuko, anashikilia mambo yake. Ukimwuliza, anakwambia ameshika tumbaku.

Basi wakaja wanajeshi. Siyo wa bunduki. Hawa walikuwa watu wa thieta ya jeshi, malori mawili yamejaa masanduku, wakaweka kambi kituo cha afya cha kata yetu, njia ya kwenda Msanzi, wanapasua watu bure. Habari ikazunguka vilabuni na kanisani. Wazee wenye makoti mazito wakaanza kutazamana.

"Mjeshi anajua kutoboa," babu akasema. "Kushona kajifunza lini?"

Bibi ndiye aliyemaliza mjadala. Alikuwa anachambua maharage, hata kichwa hakuinua.

"Mzee, nenda. Hilo koti nataka kulifua."

Nikampakia kwenye pikipiki yangu. Barabara ile ina mashimo, na kila shimo babu akataja mtakatifu wake. Mpaka tunafika kituoni alikuwa amewaita karibu wote, na wengine mara mbili.

Akaingia thieta asubuhi, mchana akatolewa kwenye kitanda cha magurudumu, salama. Nilitegemea nimkute kalegea kama mlenda. Wapi! Macho makali, mdomo umevimba kwa hasira.

"Babu, inauma?"

"Haiumi. Mume mwenzangu, nimetaniwa."

Anapenda kuniita mume mwenzangu, kwa sababu bibi ni mke wetu sote wawili, mimi wa maneno na yeye wa kazi.

Akanisimulia. Kumbe hawakumlaza usingizi, walimchoma sindano ya mgongo akafa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, akili iko macho. Mbele ya kifua wakatundika shuka asione kinachoendelea. Wote wamejifunika kofia na barakoa, yamebaki macho tu. Pembeni kuna mashine inalia tii, tii, ndiyo moyo wake huo. Babu akaisikiliza, akaogopa, na kadiri alivyoogopa ndivyo ilivyokimbia. Hapo ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya shuka, lafudhi ya kule kwa wafugaji, Kanda ya Ziwa.

"Babu Mfipa! Nasikia nyie mkiudhiwa mnatuma radi. Leo miguu tumeshaizima, hiyo radi utaituma na nini?"

Thieta nzima ikacheka. Babu naye akacheka, na mashine ikatulia.

"Moyo ukarudi bandani wenyewe," akasema. "Lakini sikumjibu! Mdomo ulikuwa umekauka. Fikiria. Nimetaniwa na mchunga ng'ombe, nimelala chali, sina hata kaptula, na sijajibu."

Kwa mtu asiye wa huku hiyo ni hadithi ya kuchekesha tu, ila kwa babu ni jambo kubwa. Sisi na hawa ndugu zetu waliohamia na ng'ombe wao tunataniana mpaka msibani. Wazee wanabishana kama ni utani wa asili au ulikuja na ng'ombe, ila wote wanakubaliana kwamba mtani akikutupia neno unalirudisha. Usiporudisha, umemdharau. Ni kama mtu kakusalimia ukageuza shingo. Na huyu alikuwa amemtuliza moyo.

"Nitamrudishia," babu akasema. "Shida moja. Sura yake siijui."

Nesi wa wodini akamwonya asicheke kwa nguvu, nyuzi zitamuumiza. Babu akamwitikia vizuri kama mtoto wa komunio ya kwanza.

Siku ya wanajeshi kuondoka, kata ikaandaa shukrani pale uwanjani kituoni. Maturubai, togwa ya ulezi kwenye ndoo, na beberu mmoja mweupe amefungwa utepe shingoni. MC nikawa mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye spika na mdomo. Mtendaji wa kata akaniita pembeni.

"Kijana, ratiba ni ratiba. Nasoma risala, daktari mkuu anapokea zawadi, watu wanakula, wageni wanaondoka. Utani wako peleka kwenye harusi."

"Sawa mheshimiwa."

"Na wale wengine wakae tu. Beberu ni mmoja."

Wale wengine walikuwa wamekaa mstari wa nyuma, magwanda yamepigwa pasi, kofia zimenyooka. Babu alikuwa mbele pamoja na wagonjwa waliopona, mkono wa kulia uko nje ya mfuko kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Alikuwa amegeuza shingo, anawakagua mmoja mmoja. Wanawake walikuwa wanne. Huyu siyo, huyu labda. Mtu aliyeona macho tu utamtambuaje?

Risala ikasomwa. Daktari mkuu ametajwa, akatajwa tena, akashukuriwa kwa mikono yake ya dhahabu. Mstari wa nyuma haukutajwa hata kwa neno moja. Nje ya uzio madereva wameshawasha malori, wanayapasha moto, babu akaniangalia kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake. Alikuwa anaomba. Babu yangu huwa haombi, huwa anaamrisha.

Mtendaji alipofunga risala nikasema kwenye maiki, "Kabla ya zawadi, mgonjwa mmoja ana neno fupi." Sikumwangalia mtendaji. Nilihisi tu shavu la upande wake linaungua.

Babu akasimama taratibu, mkono mmoja tumboni. Akashika maiki kama anakaba kuku.

"Shikamooni wenye umri wenu. Wengine hamjambo. Mimi nina swali dogo. Nimeona jeshi letu lina watu wasafi sana, wamenyooka. Sasa nashangaa, kati yenu inawezekana kukawa na mchunga ng'ombe? Maana nasikia wale hata wakienda kulala lazima wahesabu mikia kwanza. Mtu wa namna hiyo mkimpa mkasi si atampiga nao mgonjwa mnada?"

Mtendaji akafumba macho. Mwenyekiti wa kijiji akaangalia mawingu kama vile anategemea mvua.

Babu hakuishia hapo. "Au yupo, ila ameacha ulimi zizini?"

Mstari wa nyuma, wa pili kutoka mwisho, mwanamke mfupi mwenye mashavu akaanza kutetemeka mabega. Akauma midomo. Akaangalia chini. Mwenzake akamfinya. Wapi, ikamshinda.

"Babu Mfipa!" akaruka juu. "Ungejua nilichokiona mimi nyuma ya lile shuka, ungekaa chini!"

Uwanja ukalipuka. Akina mama wakapiga vigelegele, togwa ikamwagika, na mimi MC nikakaa chini kabisa kwa kucheka. Babu akainua mkono juu kama mtu aliyempata ng'ombe wake aliyepotea.

"Ndiye! Sauti ndiyo hiyo! Mke wangu huyu, alininyamazisha nikiwa uchi!"

"Na wodini ulikatazwa kucheka!" Akaja mbele anakimbia, gwanda na buti, akamshika babu tumbo. "Nyuzi zangu hizo!"

"Kwani umeshona wewe?"

"Sikushona. Mimi nilikuwa nampa daktari vifaa. Kabla hajaomba mkasi, mkasi uko mkononi mwake. Moyo wako aliukalia yule pale mrefu, ndiye aliyekuchoma ganzi na kukaa na mashine mwanzo mwisho. Na yule mwenye miwani ndiye anayechemsha vyombo. Asingechemsha, saa hizi tungekuwa tunakula msiba wako."

Babu akawapitia wote kwa maiki, hakumruka hata mmoja. Mrefu akaambiwa ana shingo ya kuchungulia nyumba za watu. Wa miwani akaambiwa kwa kuchemsha namna ile angeshaolewa huku kwetu siku nyingi. Kila aliyepigwa neno akasimama, na kila aliyesimama akapigiwa makofi, halafu akabaki amesimama. Mstari wa nyuma ukaisha wote, hakuna aliyekaa.

Akamfikia daktari mkuu, mzee wa nyota begani, uso wa mahakama. Daktari akachukua maiki mwenyewe.

"Mzee, mimi peke yangu mle ndani ningekushonea tumbo na suruali pamoja." Akamgeukia mtendaji. "Huyu beberu apelekwe jikoni, tule sote."

Mtendaji akafungua utepe mwenyewe. Ratiba sijui ilienda wapi, na togwa aliyokunywa baadaye niliiona.

Wakati wa kuondoka, yule mtani wake wa thieta akapanda lori, kisha akashuka mbio, akamrukia babu, akamvua kofia yake ya manyoya, ile ambayo hata padri hajawahi kuona kichwa kilichomo. Mtani akichukua kitu chako, huruhusiwi kukidai. Akaivaa juu ya kofia ya jeshi, akapanda tena.

"Njoo uifuate, Mfipa! Njoo na radi yako!"

Lori likaondoka. Babu amesimama katikati ya vumbi, kipara kinang'aa, upepo wa huku unavyojua kupuliza, mikono yote miwili anapunga. Anacheka huku anajikunja, "Ah, nyuzi! Ah, nyuzi!"

Bibi alipata koti lake akalifua. Kofia nyingine nimemletea babu kutoka mjini Sumbawanga, nzuri tu, ameitundika ukutani haivai. Watu wakimkuta na kipara chake kwenye baridi wakamwuliza, anajibu taratibu, kama mtu aliyesomesha mtoto akafika mbali.

"Kofia yangu? Iko jeshini. Iko thieta."