Pilipili yangu ilivyoliza wazee wa Ntimaru siku ya posa

Wakuu, habari zenu, hata nyinyi mnaosoma kimya kimya mkijifanya mko kazini. Haya yalinipata mimi mwenyewe miaka ya tisini, na mke wangu amekaa hapa kando anasoma kila mstari, kwa hivyo nafasi ya kuwadanganya sina.

Nilikuwa karani wa duka la nafaka pale Ndhiwa. Nikampenda Robi, msichana Mkuria wa Ntimaru. Mimi Mjaluo. Babake hakutaka hata kuniskia.

Siku ya kwanza kwenda kwao, mzee alikuwa anatafuna pilipili nzima nzima kama karanga. Akaangalia vidole vyangu vya ofisi.

"Nyinyi watu wa samaki mnajua kulima kweli?" Akanirushia pilipili moja nyekundu. "Panda hii. Siku utaniletea chupa imejaa pilipili ya ndimu, ndio tutaongea mambo ya Robi."

Yawa! Mimi hata sukuma wiki nilikuwa nanunua.

Nikatoa mbegu, nikazianika kwa gazeti kivulini. Nusu nikapanda kwa kopo na mavi ya ng'ombe ya asubuhi hiyo hiyo, mbichi kabisa. Zote zikaungua.

Mamangu alicheka mpaka akakaa chini. "Ulikuwa unazipanda ama unazipika?"

Nusu iliyobaki akanisimamia: samadi ya zamani, mchanga kidogo, mbegu juu juu tu, nyasi ya kufunika, maji ya kunyunyiza na vidole. Wiki mbili hakuna kitu. Nilichungulia hiyo kopo kuliko nilivyokuwa naenda kanisani.

Ikatoka miche tisa. Ilipofika majani manne nikahamishia shambani. (Kuku wa jirani walikula mitatu, msiniulize, bado tuna ugomvi.)

Iliyobaki ikazaa, zikaiva, nikachuma. Kuhifadhi ni rahisi. Osha, anika mpaka maji yaishe kabisa, kata, chumvi ya kutosha, maji ya ndimu mpaka pilipili izame. Chupa uwe umeichemsha. Hapo nilikuwa sawa. Makosa ilikuwa kwa kifuniko. Kilipotea, nikaziba na gunzi la mahindi na karatasi ya nailoni, serious.

Barabara ya Ntimaru mnaijua, ni mashimo matupu. Kufika kwao, pilipili imevuja, mikono yote imelowa. Nikapangusa kwa suruali nikaingia, nyumba imejaa wazee, wajomba na mchungaji wao.

Na huku kwetu huwezi kuingia kwa watu useme "hamjambo" kwa mbali kama askari. Ni mkono kwa mkono, mmoja mmoja, mpaka nyanya wa kona ya mwisho. Nikawashika wote. Mzee nikamshika na mikono miwili, heshima.

Mchungaji akasema tuombe. Watu wakafunika nyuso na viganja.

Nyanya ndiye alianza kulia. Wakafuata wajomba. Mchungaji, naye nilikuwa nimemsalimia, akapaza sauti huku machozi yanamtiririka: "Roho ameshuka kwa hii nyumba!" Nyumba nzima ikaanza kuimba ikilia. Hata mzee, ambaye Robi hakuwa amewahi kumwona akitoa chozi, alilia mpaka mabega yakatetemeka.

Mimi nilijua ni nini. Niliogopa vibaya sana. Nikisema ni pilipili, Robi ameenda.

Maombi yakaisha. Mzee akasema mbele ya wote, "Robi ni wako. Mpeleke."

Nilibeba hiyo siri miaka mingi, na ilinisumbua. Mzee alipougua nikaona akiondoka bila kujua nitakuwa nimemwibia msichana. Nikaenda kukiri.

"Mzee, siku ile haikuwa Roho. Ilikuwa pilipili yangu, kwa mikono."

"Najua. Niliinusa kabla hujaniachilia mkono. Mimi macho sikuyagusa."

"Sasa ulikuwa unalia nini?"

"Nilikuwa napeana msichana wangu."

Nilitoka nje, mimi mtu mzima, nikalia nikishika ukuta.

Funzo: chupa izibwe na kifuniko chake, na unawe mikono kabla ya kusalimia wakwe. Na huyo mke uliyepewa, kuna mtu alilia kumtoa, kaa naye vizuri.

Wenye mliwahi kuaibika ukweni, uwanja ni wenu. Kicheko ruksa, matusi hapana.